Meno Yaliyobanduka Rangi

Mashine ya kusagia kahawa iliyoko kwa Petronila, pale Murusagamba, ilinunuliwa na wanawake wawili. Mmoja ni Petronila mwenyewe, mjane wa miaka arobaini na sita, Mhangaza aliyezaliwa katika kata hiyohiyo. Wa pili ni Iradukunda, Mrundi, aliyevuka mpaka akiwa na miaka saba, ameshika kanga ya mama yake, akakulia na kuolewa upande huu wa Tanzania.

Walifahamiana wakichuma kahawa kwenye shamba la watu. Kihangaza na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, kwa hiyo wakiwa wawili hawakuhitaji Kiswahili. Kila mmoja alisema cha kwao na mwenzake akaelewa. Walianza kukaanga kahawa kidogo kwenye sufuria na kuitwanga kwenye kinu, wakawauzia walimu na madereva wa malori ya ndizi. Mikono ilipoota malengelenge ya kutosha, wakajinyima hadi wakanunua mashine ya umeme kutoka Mwanza.

Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na meno: pete mbili za chuma zinazotazamana, kila moja imechongwa ncha za kuvunja na kusaga buni. Meno hayo yalikuwa na rangi ya njano ing'aayo. Muuzaji aliwaambia kwamba yamepakwa kitu kigumu kinachozuia chuma kulika, na kwamba wangezeeka wao kabla ya meno. Iradukunda aliyapenda sana. Kila Jumamosi aliifungua mashine, akayapiga mswaki taratibu, akayaweka juani kwenye ungo. Ni yeye pia aliyekuwa akirekebisha nafasi kati ya pete hizo mbili. Alikuwa akizungusha skrubu ndogo huku ameinamisha kichwa, anasikiliza, halafu anaacha.

Mwaka juzi mume wa Iradukunda aliitwa na kaka zake waliokuwa wamerudi kwao ng'ambo ya mpaka, upande wa Cankuzo, akachukue sehemu yake ya shamba la baba yao. Hapakuwa na mjadala mrefu. Siku ya kuondoka Petronila alitaka mwenzake achukue mashine, lakini Iradukunda akakataa, akisema kule wanakokwenda hata umeme haujafika. Petronila akamwahidi kwamba kila mwezi atampelekea pakiti moja ya kahawa. Wa kuibeba alikuwa Limi, mwanamke wa Kisukuma anayeishi Bisibo, wilaya ya Biharamulo, ambaye hufuata maharage kwenye masoko ya mpakani.

Baada ya hapo Petronila alifanya kazi peke yake. Alizoea kunyanyua gunia peke yake, na kujibu wateja peke yake. Jambo moja halikuzoeleka. Mara nyingi alianza kusema kitu, akakiacha katikati, kwa kuwa mtu wa kukimalizia hakuwepo. Jirani zake walikuwa watu wema na aliongea nao vizuri. Lakini kuna namna ya kunyamaza pamoja na mtu ambayo hakuipata kwa mwingine yeyote.

Siku moja simu iliita. Iradukunda alikuwa amepanda kilima kutafuta mtandao. Alisema ana ujauzito wa miezi mitano, baada ya miaka kumi na sita ya ndoa, na kwamba hakutaka kusema mapema kwa kuogopa. Petronila aliketi chini palepale mlangoni. Kabla hawajasema mengi mtandao ukakatika, na kwa wiki kadhaa akabaki na furaha ambayo hakuwa na mahali pa kuipeleka.

Ndipo akaja mwalimu Restituta, anayefundisha sayansi sekondari, mteja wao tangu enzi za kinu. Alikuwa amekunja karatasi ndogo mkononi. Ndani yake mlikuwa na kipande chembamba cha njano, kidogo kama gamba la dagaa, alichokikuta chini ya kikombe chake. Hakuja kwa ugomvi. Aliuliza tu kama Petronila anajua ni nini.

Wakaifungua mashine pamoja. Petronila alikuwa ameisafisha mara nyingi, lakini kwa haraka, kwa brashi, bila kutazama. Sasa akatazama. Njano ilikuwa imebaki kwenye mabonde tu. Kwenye ncha zote imetoka, chuma cha kijivu kiko nje, na ncha tatu zimemeguka kabisa. Restituta akauliza ile rangi ilipakwa kwa kitu gani. Petronila hakujua. Akauliza tena imeanza kubanduka lini. Hilo nalo hakulijua. Alichokijua ni kwamba tangu Iradukunda aondoke alikuwa amempelekea pakiti nyingi, na kwamba sita kati ya hizo, kwa hesabu ya miezi, alizipokea akiwa na mimba.

Siku hiyohiyo aliacha kusaga. Akapita kwa wateja mmoja mmoja kuwaambia wasinywe kahawa waliyonayo. Baadhi walicheka, wakasema wamekunywa mabaya zaidi. Alimpigia Iradukunda asubuhi, mchana na jioni, simu haikupatikana. Limi naye alisema soko la mpakani ni baada ya siku tisa. Petronila aliona kwamba siku tisa za kukaa na kujiuliza zitamshinda. Akayafungua meno, akayafunga kwenye kitambaa, akachukua na kahawa kidogo iliyosagwa mwisho, akapanda pikipiki hadi Rulenge, kisha gari hadi Nyakahura, na kutoka hapo Biharamulo, kwa fundi Gervas.

Gervas ni mzee anayetengeneza mashine za nafaka. Petronila alimsalimia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku mkono tayari umenyooshwa kupokea kile kitambaa. Aliyageuza meno kwenye mwanga. Kisha akaloweka pamba kwenye thina, ile ya kuyeyushia rangi, akasugua bonde moja. Pamba ikatoka ya njano.

Alimweleza bila kumficha. Alisema iko rangi ya namna hii ambayo viwandani hushikishwa kwenye chuma ndani ya tanuru maalumu, na hiyo ni ngumu kuliko chuma chenyewe. Hata ncha za drili huwekewa, na thina haiifanyi kitu. Hii yake siyo. Hii imefanana nayo kwa sura tu. Baada ya hapo akachukua sumaku, akaipitisha polepole ndani ya kahawa aliyokuja nayo Petronila. Ilipotoka ilikuwa imeota vinyweleo vyeusi vya chuma.

"Mama, huwa unaisikiliza mashine ikizunguka bila kahawa?" Gervas akauliza.

Petronila akasema hapana, kazi hiyo ilikuwa ya mwenzake.

Gervas akamwonyesha mikwaruzo ya duara. Meno yalikuwa yamekazwa mno, yakawa yanagusana na kulana yenyewe. Mawe madogo yanayoingia kwenye buni wakati wa kuanika chini yalimalizia kazi. Petronila alikumbuka jinsi alivyokuwa akikaza ile skrubu hadi mwisho ili unga uwe laini, kwa sababu Iradukunda alipenda kahawa laini. Alikaza zaidi kila alipokuwa anasaga ile ya kumpelekea.

"Huyo mwenzangu ni mjamzito," alisema. "Ameinywa."

Fundi aliyaweka meno mezani. "Siwezi kukuambia ni sumu, wala siwezi kukuambia si sumu. Mimi najua chuma. Chuma kidogo namna hii huwa kinapita tu tumboni. Lakini hii rangi sijui imechanganywa na nini, na aliyekuuzia naye hajui. Kitu usichokijua, usimsagie mtu. Nenda ukamwambie, aende hospitali wamwangalie."

Alimpa meno mengine ya chuma kitupu, yasiyopakwa chochote, akamwambia haya yatalika mapema zaidi, na yakilowa yatapata kutu, lakini akiyatazama atajua hali yake. Akamfundisha kuyakaza hadi yanapoanza kugusana, kisha kurudisha nyuma kidogo. Akamrudishia yale ya njano kwenye kitambaa chake.

Siku ya soko Petronila hakumtuma Limi. Alikwenda naye. Walipofika mpakani Limi alimwonyesha wanawake wa upande wa pili wanaorudi kwao mapema, naye Petronila akaongozana nao kwa miguu. Njia ilipanda na kushuka kwa saa tatu. Njiani alipanga maneno, akayapangua. Alikuwa na hamu ya kumwona Iradukunda kuliko kitu kingine chochote duniani, na bado miguu yake ilipunguza mwendo kadiri nyumba zilivyokaribia, maana alijua anakwenda na habari ya namna gani.

Iradukunda alikuwa uani, anachambua maharage, tumbo limejaa. Alimwona, akajaribu kuinuka haraka, akashindwa, akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Petronila alimkumbatia. Kisha, kabla ya kupokea kiti, akamweleza yote: gamba la njano, thina, sumaku, na ile skrubu aliyoikaza kwa mkono wake.

Iradukunda alisikiliza hadi mwisho. Aliingia ndani akatoka na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, akaifungua mbele yake. Ndani mlikuwa na pakiti nne za kahawa, zimefungwa vilevile kama zilivyotoka Murusagamba.

"Tangu nipate mimba, mbili tu nilikunywa," alisema. "Hizi sikuzigusa."

"Mimba iliikataa?"

"Hapana, dada. Nikiinywa inaisha. Nilikuwa nafungua ndoo nanusa Murusagamba tu, halafu nafunga."

Petronila alizichukua zile pakiti, akazunguka nyuma ya nyumba palipokuwa na shimo la taka. Iradukunda akamfuata, akamwomba amwachie hata moja, akaapa kwamba hataionja. Petronila akatikisa kichwa. Alizipasua moja baada ya nyingine, akamwaga zote, akafukia kwa jembe. Harufu ilipanda, ikawafunika wote wawili, nao wakasimama pale hadi ikaisha. Iradukunda alilia kuliko alivyolia siku ya kuhama.

Mchana walikwenda pamoja kwenye kituo cha afya. Muuguzi alisikiliza maelezo yao, akampima mama, akasikiliza moyo wa mtoto, akasema haoni kasoro yoyote lakini anamtaka Iradukunda arudi kila wiki hadi ajifungue. Petronila alishika mkono wa mwenzake wenye vumbi la maharage njia nzima ya kurudi. Waliongea kidogo tu. Jua lilipoanza kushuka ilimlazimu arudi, kwa kuwa wanawake wa sokoni walishamwambia asichelewe kuvuka.

Mtoto alizaliwa wiki tisa baadaye, msichana, mzima. Mume wa Iradukunda ndiye aliyepanda kilima kupiga simu. Kahawa inayosagwa sasa Murusagamba inachambuliwa mawe kwanza, na mwalimu Restituta amempa Petronila sumaku ya maabara iliyokuwa haitumiki, naye huipitisha kwenye kila unga kabla ya kufunga pakiti. Wateja wamerudi, isipokuwa wawili.

Hadi leo Petronila hajamwona mtoto. Mvua zilianza mapema, barabara ya mpakani ikakatika mahali pawili, na masoko yakaahirishwa. Iradukunda akipata mtandao humweka mtoto karibu na simu, na Petronila hunyamaza kumsikia akipumua. Limi ameahidi kuja kumpitia Petronila kiangazi kikianza. Safari hiyo Petronila amesema atalala huko siku tatu, na amekwisha kumwambia jirani atakayemlishia mbuzi.