Mdahalo Juu ya Gari la Mwalimu Petro

Mwalimu Petro Nandonde alistaafu na heshima zake zote. Watu wa kijiji chake cha Mkunya, huko Newala, walimpisha njiani, walimletea ugomvi wao wa mipaka ya mashamba auamue, na kwa miaka arobaini hakuna mtu aliyembishia mbele za watu. Kisha akanunua gari.

Alikuwa amelipenda gari hilo tangu ana miaka kumi na mmoja, anasoma shule ya misheni huko upande wa Chidya. Mzungu mmoja mpima ardhi alipita nalo, akasimama kuomba maji ya rejeta, na darasa zima likatoka kulitazama. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Petro hakucheka. Alilizunguka mara mbili, akarudi darasani, na hesabu za siku ile akakosa zote.

Miaka zaidi ya hamsini baadaye alikwenda Masasi kununua tenki la maji. Yeye na mkewe, Getrude, walikuwa wamekubaliana: korosho zimekubali mwaka huu, basi linunuliwe tenki, mvua ikinyesha wakinge maji ya bati, waache kugombania zamu bombani. Petro alipita kwa Mzee Sultani, Myao mmoja mtu mzima sana, kumwuliza kama anamfahamu mwenye lori la kubebea tenki. Mlango wa ghala nyuma ya nyumba ulikuwa wazi. Ndani, chini ya magunia, kuku watatu wakiatamia kwenye kiti cha nyuma, lilikuwamo gari la yule mpima ardhi.

"Shikamoo, Mzee Sultani," alisema Petro, lakini macho yake hayakuwa kwa mzee.

"Marahaba. Unatazama nini? Hilo? Hilo banda la kuku."

"Hilo ni gari, mzee wangu."

"Lilikuwa. Yule Mzungu aliniachia, akasema atarudi. Hakurudi. Na mimi ningekuwa yeye nisingerudi."

Kwa wiki tatu Petro alimwambia mkewe kwamba tenki bado linasubiriwa kutoka Dar es Salaam. Wiki hizo zote fundi Halfani wa Masasi alikuwa chini ya gari. Alipomaliza, alijifuta mikono, akasema, "Mwalimu, nimekuwekea injini ya pikapu, litakwenda. Kwenye sura sina la kukusaidia."

Na sura ndiyo iliyokuwa shida. Petro mwenyewe alipata kusoma katika gazeti moja la zamani kwamba gari lile lilitengenezwa miaka miwili tu. Watu wa huko kwao walikataa kulinunua, kiwanda kikafunga milango. Ukiliona hukuwa na haja ya kuuliza sababu. Mbele lilikuwa na mdomo mwembamba uliosimama wima, kama mtu anayepiga mluzi, na taa nne zilizoinama pembeni kama macho ya mtu aliyevunja chungu cha jirani. Kioo cha nyuma kililala kwa kuingia ndani. Buti lilikuwa refu sawasawa na boneti, hata mtu akiwa mbali hakujua uso ni upi na kisogo ni kipi. Rangi yake ilikuwa ya bibo, tunda la mkorosho, lililosahauliwa juani. Jina la gari lilikwisha kung'oka, yakabaki matundu ya misumari.

Alilipandisha mlima wa Newala bila tatizo. Newala mjini askari wa barabarani alimsimamisha, akalizunguka gari, akauliza kwa upole, "Mzee wangu, mbona unatembea kinyumenyume?" Petro akamwonyesha usukani. Askari akachungulia, akaona kweli, akaomba radhi. Kisha akamwita mwenzake aje naye aone.

Getrude alikuwa anaanika muhogo uani gari lilipoingia.

"Baba Flora, tenki liko wapi?"

"Mama Flora, njoo kwanza uone."

"Nimeona. Tenki liko wapi?"

Petro akaanza kueleza, tangu alipokuwa na miaka kumi na mmoja. Getrude alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. Aliingia ndani, akatoka na madumu sita, akayapanga kwenye kiti cha nyuma moja baada ya jingine.

"Basi tenki ndilo hili," alisema. "Twende bombani."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mwalimu Petro anaendesha, mkewe kakaa pembeni na dumu la saba katikati ya miguu, anatazama mbele kama mtu aliye kwenye msafara wa mazishi.

Wiki haikupita, gari likawa na jina. Aliyelipa ni Zena muuza maandazi, aliyesema lina uso wa mtu anayeomba radhi. Likaitwa Samahani.

"Samahani imepita?" watu waliulizana.

"Imepita, ila sijui ilikuwa inakwenda au inarudi."

Kila mtu alikuwa na lake. Vitalis, fundi cherehani, alisema lilikatwa na mtu ambaye hakuchukua vipimo. Mchungaji alisema vyote vimeumbwa na Mungu, lakini alipopewa lifti alikumbuka kwamba daktari amemshauri atembee. Mzee mmoja alipendekeza lipelekwe Shimo la Mungu, pale kwenye genge, liachiwe breki, na watu wote wageuze nyuso kwa adabu. Vijana wa bodaboda wa Mnyambe, kijiji kingine, walishikilia kwamba ni gari zuri sana, kwa sababu tu wale wa Mkunya walisema ni baya.

Petro hakuumizwa na maneno yale kwa ubaya wake. Aliumizwa na mpangilio wake. "Wanabisha bila hoja!" alilalamika. "Mtu anasema 'baya', ukimwuliza kwa nini, anacheka!" Miaka yote alikuwa mlezi wa midahalo shuleni, na alijua tiba ya ugonjwa huo. Akaenda kwa Hamida, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari na mlezi wa midahalo kama yeye.

"Nataka mdahalo," alisema. "Wa wazi. Gari langu ni zuri au ni baya. Tulimalize."

"Kwa kanuni zako, Mwalimu?"

"Kwa zipi nyingine?"

Hamida akatabasamu, akaandika tarehe.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani. Gari liliegeshwa nje mlangoni kama kielelezo. Petro alivaa koti lake la kustaafia na kitambaa mfukoni. Hamida, aliyekuwa mwenyekiti, aliuliza ni nani atakayeshindana na Mwalimu. Vitalis alisukumwa na wenzake, lakini alipofika mbele akageuka, akarudi kukaa.

"Nileteeni mpinzani wa kweli," alisema Petro, akijipepea.

Ukumbi mzima ukapaza sauti: "Mama Flora!"

Getrude alinyanyuka kutoka kwenye mkeka wa akina mama kama mtu aliyengoja kuitwa tangu siku ya madumu.

Hapo Hamida akaweka karatasi mbili zilizokunjwa ndani ya kofia. "Kanuni ya nne," alisoma. "Msemaji hachagui upande. Upande humchagua msemaji."

Petro alikuwa ameitunga kanuni hiyo mwenyewe, na kwa hasira zake za wiki nzima hakuwa ameikumbuka. Akachukua karatasi, akaikunjua. *Gari ni baya.* Getrude akakunjua yake. *Gari ni zuri.*

"Hamida, mwanangu," alisema Petro kwa sauti ya chini, "karatasi zimechanganyika."

"Mwalimu, mwaka tisini na nne ulinipa upande wa kutetea viboko. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na asubuhi ile ulikuwa umenichapa." Akagonga meza. "Una dakika kumi."

Petro alianza vibaya. Alisema gari lina upungufu wa hapa na pale. Watu wakaguna. Lakini mguno ule ulimchoma. Hakuwa amewahi kuzungumza watu wakaguna. Akanyoosha koti.

"Mheshimiwa Mwenyekiti. Hoja ya kwanza. Kuku ana mbele na nyuma. Mbuzi ana mbele na nyuma. Hata muhogo, usiokwenda popote, una juu na chini. Hiki kilichoko mlangoni kimeshindwa jambo ambalo muhogo umeliweza!"

Ukumbi ukalipuka. Petro alihisi damu ya ujana ikimrudia.

"Hoja ya pili. Waliolizaa gari hili walilikataa. Miaka miwili tu wakafunga kiwanda, wakaona ni afadhali kukaa bila kazi. Mzazi akimkana mtoto, jirani wa Mkunya anamlea kwa ushahidi gani? Hoja ya tatu, taa. Mimi mwenyewe, Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi ninayelilaza uani kwangu, nikitoka asubuhi kabla sijanywa chai na kukutana na taa zile, narudi ndani kuuliza nani kafa!"

Watu walisimama, wakapiga makofi, wakapiga meza. Petro aliinama kwa shukrani. Alipoinuka aliliona gari pale mlangoni, na taa zake nne zilizoinama, na moyo ukamwingia baridi. Alikaa taratibu, akatoa kitambaa.

Getrude akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, gari ni zuri. Ahsanteni." Akaketi.

"Mama Flora, bado una dakika tisa na nusu."

Getrude alimtazama mumewe anavyojifuta jasho, akashusha pumzi, akasimama tena.

"Msemaji aliyenitangulia amesema halina mbele na nyuma. Kweli. Ndiyo maana likiondoka huoni kisogo chake. Nyie hapa mnaniaga mkiwa mmeshanipa mgongo. Nyie mnasema lina uso wa kuomba radhi. Pikipiki zenu zinanirushia vumbi kila siku, nani amewahi kusema samahani? Newala nzima chombo chenye adabu ni kimoja, kipo mlangoni hapo."

Akina mama wakapiga vigelegele.

"Amesema kwao walilikataa. Waleteni watu wa huko kwao tuwape ming'oko. Watasema tunakula mizizi ya porini. Je, tuache?"

"Tusiache!" ukumbi ulijibu kwa sauti moja, maana hapo alikuwa amegusa tumbo.

"Sasa la mwisho." Sauti yake ilishuka kidogo. "Mwaka ambao Petro alinipeleka kwao, nilikuwa mrefu kama mlingoti, mwembamba, pengo hapa mbele. Mama yake, Mungu ampumzishe, alinitazama kwa juu, akanitazama kwa chini, akamvuta mwanawe pembeni. Nilimsikia. Alisema, 'Petro, mwanangu, huyu mbele ni wapi?'"

Watu walicheka mpaka Hamida akagonga meza mara tatu. Getrude alingoja wanyamaze.

"Petro alicheka? Hakucheka. Mwaka wa thelathini na nane huu, na hajanirudisha. Jicho lake ndilo lile lile lililoliona gari ghalani kwa Mzee Sultani. Basi anayesema jicho la mume wangu ni bovu, anyooshe mkono, na aniambie hapa hapa mimi ni nini."

Akaketi. 

Hamida akaita kura. Wanaosema gari ni baya? Vitalis alinyoosha mkono nusu; mkewe akaushusha. Hakuna mwingine. Wanaosema gari ni zuri? Mikono ikawa msitu, na mbele kabisa, juu kuliko yote, ulikuwa mkono wa Mwalimu Petro mwenyewe, umeshika kitambaa.

"Mwalimu," alisema Hamida, "unajipigia kura ya kushindwa."

"Kanuni hazikatazi," alijibu Petro, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mafua.

Njiani kurudi nyumbani alikuwa ameshapata nguvu za kulalamika. Alisema hoja ya kiwanda haikujibiwa. Alisema ming'oko si hoja, ni mfano, na mwanafunzi wake yeyote angekatwa alama.

"Umeshindwa, Baba Flora. Endesha."

Wakaenda, wakipungiwa mikono na watu barabarani.

"Ila hilo la taa," alisema Getrude, "ulisema kweli."

"Nilipewa upande, Mama Flora."

"Hata mimi nilipewa." Akainama kujifunga kilemba vizuri. "Ni baya, mume wangu. Ni baya sana."

Petro alifikiri kubisha. Akatazama boneti ile ndefu ya rangi ya bibo bovu iliyokuwa inamtangulia, akaanza kucheka, na mkewe akacheka, mpaka ikabidi asimamishe gari pembeni mwa mikorosho wamalizie kucheka hapo.

Jumatatu iliyofuata Getrude alimpigia simu Halfani, akamwambia apande Newala, ana mwanafunzi wa udereva. Halfani akauliza mwanafunzi ana miaka mingapi. Akajibiwa hayo hayamhusu. Walifanyia mazoezi uwanja wa mpira. Petro alisimama kwenye mstari, mikono kichwani. Siku ya tatu goli la upande wa mashariki lilianguka. Siku ya tisa hakuna kilichoanguka. Tenki lilinunuliwa msimu uliofuata, na Getrude ndiye aliyekwenda Masasi kulichagua, akiendesha mwenyewe.

Siku hizi siku ya soko huwezi kulipata gari hilo nyumbani. Mama Flora anatoka nalo mapema, Zena mbele na ndoo ya maandazi, akina mama watatu nyuma, wote wanaongea kwa wakati mmoja. Mwalimu Petro hubaki shambani. Akisikia honi barabarani huacha kupalilia, akanyanyua jembe juu kuwapungia, na kulisindikiza gari kwa macho mpaka mikorosho ilimeze.