Pini ya Miguu Miwili

...koleo, anataka koleo, mkono wake umenyooshwa nyuma kuja kwangu, kiganja juu, hata hageuki, anajua nipo, miezi miwili sasa nipo hapa nyuma yake na sahani ya bati yenye nati na bolti, yeye ananyoosha mkono nami naweka, spana namba kumi na nne, naweka, kitambaa, naweka, lakini leo ni koleo, na koleo maana yake ni pini, na pini maana yake ni breki ya nyuma ya pikipiki, basi tumefika, nilijua tutafika, tulianza na gurudumu la mbele lililopinda, tukaja kwenye uma, kwenye usukani, kwenye injini, pistoni tuliifunga kwa kitambaa kama kitoto, kabureta tuliichemsha kwenye sufuria ambayo Abi-le amekataa kuipikia tena, na kila jioni nilikuwa napima kilichobaki kama mtu anavyopima rundo la samadi kavu ya kuwashia moto akijiuliza kama litafika mwisho wa baridi, na leo hakikubaki kitu upande wa kulia ila kikanyagio cha breki na ufito wake mrefu. "Koleo, Mama Chorol," anasema, taratibu, hana haraka, Meme-le hana haraka na kitu chochote tangu Julai. Ni baba wa mume wangu, lakini tangu Chorol azaliwe namwita babu kama anavyomwita mtoto, Meme-le, na mama wa mume wangu ni Abi-le, naye leo amekaa ng'ambo ya jiko, gurudumu lake la sala linazunguka, kri, kri, kri, yeye ambaye tangu pikipiki ipandishwe humu jikoni hajaikaribia, anapita ukutani ukutani kama mtu anayepita mbwa asiyemjua, ila leo amekuja kwa sababu alisema siku ile ya kwanza, mtakapofika kwenye breki mniite, mwanangu Rinchen hatapanda chuma hicho mpaka nijue kilichomuua kaka yake ni mlima au ni mkono wa mtu... mkono wa mtu, alisema hivyo akiwa ananitilia chai, akaijaza siagi vizuri kama siku zote, hakunitazama, afadhali angenitazama. "Hilo koleo linakuja kwa miguu kutoka mjini Leh?" anasema sasa, na Meme-le anacheka kidogo puani, "Mwache, vidole vyake vina baridi," na ni kweli vina baridi, lakini si baridi ya nje, humu ndani kuna moto, ndiyo maana pikipiki iko humu, kule chini zizini spana inashika ngozi na kuondoka nayo, mafuta yanakuwa kama samli, huwezi kufanya kazi, kila nyumba kijijini kwetu yenye pikipiki inakaa nayo jikoni wakati wa baridi, njia ya mlima wa Chang La imefungwa, hakuna wageni wa kubeba, basi watu wanafungua injini kama wanawake wanavyochambua sufu, na betri tunalala nayo, kweli, ndani ya blanketi, Chorol huipapasa na kuiambia lala, usiogope... na Februari iliyopita ilikuwa hivi hivi, jua hili hili dirishani saa sita, ila aliyekaa kwenye kigoda alikuwa Tundup wangu, na mimi nilikuwa upande huu wa kulia nikifunga breki peke yangu, kwa sababu alikuwa ananifundisha, aliwaambia wenzake, mke wangu ana vidole vyembamba, vinaingia pale pasipoingia vyangu, mtakuja kumpigia foleni, nao wakacheka, nami nikaficha uso kwenye ukaya wangu lakini nilifurahi, nilifurahi sana, hakuna aliyewahi kunisifu mbele ya watu, shule niliishia darasa la tano, kila mahali mimi ndiye wa kukaa karibu na mlango... nikaunganisha ufito kwenye kikanyagio, nikapitisha kijiti cha chuma, kikaingia vizuri, kilibaki kukifungia kwa pini ile ndogo ya miguu miwili, unaipitisha kwenye tundu, unaikunja miguu yake, imekwisha, kazi ya kumeza mate mara moja, na pini nilikuwa nayo vidoleni, ndipo Chorol akalia, alikuwa ameshika mlango wa jiko lenye moto, mkono mzima, nikaitia pini kifuani mwa joho, hapa juu ya mshipi, tunapotia kila kitu, bakuli la chai, unga wa shayiri, parachichi kavu, mtoto mwenyewe akiwa mdogo, nikakimbia, nikamtia mkono kwenye theluji, nikampaka siagi, nikamwimbia mpaka akalala, na niliporudi... niliporudi, hapo ndipo panapokatika. Nimerudi pale mara elfu. Najiona nikikaa, najiona nikichukua kitambaa, naona kikanyagio kimepangusika kinang'aa, lakini mkono wangu ukitia pini siuoni, wala siuoni ukiacha kutia, nasikia sauti ya Tundup tu, "Umemaliza?" nami nikasema nimemaliza, "Miguu umeikunja?" nimeikunja, nikasema, nimeikunja, kwa sababu ameshawaambia watu nina vidole vya fundi, ningesemaje sina hakika, neno dogo kama hilo, sina hakika, ningelisema angeinama akatazama, angenitania siku mbili, basi. "Mama Chorol," anasema Meme-le, kiganja bado kipo hapo, kimenyooka, kina mistari myeusi ya mafuta na kile kidole cha shahada kilichokatika kwenye fundo la pili, kiliachwa kwenye barafu alipokuwa mchukuzi wa mizigo ya jeshi, nasema "Nalitafuta, Meme-le," na huo nao ni uongo... joho nililifua siku ya arobaini na tisa ya msiba, lama alipokwisha kusoma na kuondoka, nililipiga mtoni, nikalikung'uta, kikadondoka kitu kwenye jiwe, tin, sauti ndogo kama jino la mtoto, ilikuwa pini. Pini ya miguu miwili. Nikakaa kwenye maji. Mtu wa mbali angesema, itazame basi, kama miguu imenyooka ni mpya haikutumika, kama imepinda ni kuukuu, ulikwishaitoa ukatia nyingine, lakini huku kwetu hakuna mpya, njia ikifungwa Novemba unakaa na ulivyonavyo mpaka Mei, pini kuukuu hatutupi, tunainyoosha kwa nyundo juu ya jiwe na kuitia koponi, kwa hiyo pini zetu zote ni kuukuu na zote zimenyooka, hii inaweza kuwa ile niliyopaswa kuitia, inaweza kuwa nyingine niliyoibeba bure, haisemi, nimeiuliza miezi yote hii na haisemi, iko hapa kifuani sasa hivi, nimeifunga kwenye ncha ya kitambaa, inanichoma kila ninapoinama. Na kijiti bila pini hakianguki siku hiyo hiyo, hilo ndilo baya, kinakaa kwa grisi na vumbi, kinakaa Mei, kinakaa Juni, unakwenda Leh na kurudi, unabeba mgeni mpaka ziwani, na siku moja unashuka Chang La, breki ya mbele peke yake haitoshi kwenye mteremko ule... dereva wa lori alikaa hapa hapa jikoni, kofia magotini, akasema, nilimwona kwenye kona ya kijito, alikuwa anapiga mguu chini, mara mbili, mara tatu, kama mtu anayefukuza mbwa, halafu sikumwona tena, na Abi-le akasema labda kweli palikuwa na mbwa, na wote wakaitikia, mbwa wapo wengi kule juu, mimi peke yangu nilijua mguu unapigwa chini namna ile kwa sababu gani, mimi na... sijui, nilidhani mimi peke yangu. "Tuambie basi," Abi-le anasema, gurudumu la sala limenyamaza, "ipo au haipo? Unanyoosha mkono kama mwombaji, sisi tunakaa." "Ipo," anasema Meme-le. "Ipo nini?" "Pini. Ya breki. Ipo mahali pake, imekunjwa." "Uongo." "Njoo uguse mwenyewe, mama wee, macho yako yamekwisha kwa moshi lakini kidole hakijapofuka." Naye anainuka, magoti yanalia, anakuja, mara ya kwanza anaisogelea, anashika tangi kwanza kama mtu anayeshika kichwa cha ng'ombe, na Meme-le kwa mkono wake wa kulia anakichukua kidole cha mkewe na kukipeleka chini, mkono wa kushoto bado umenyooshwa kwangu, haukushuka hata kidogo, "Hapa. Hiki kijiti. Hii pini yake. Umeisikia?" na Abi-le anagusa, anagusa tena, midomo inatembea, "Inachoma," anasema. "Ndiyo, ni miguu yake." "Kwa hiyo alifunga." "Alifunga." "Kwa hiyo ni mlima." "Ni mlima," anasema Meme-le, na Abi-le anavuta pumzi ndefu, anaiachia yote, anarudi kukaa, na akipita ananiwekea kiganja kichwani, mara moja tu, kizito, hajanigusa kichwa tangu tuuchome mwili, ipo, ee, ipo, nilitia, mkono wangu ulitia, Tundup wangu, nilitia, nainama na mimi niione, naiona, iko pale pale, na kijito alikoangukia kimepita juu ya kila kitu pale chini, kikanyagio kina kutu nyekundu, ufito una kutu, kijiti chenyewe kina ukoko wa tope la mtoni umekauka pembeni, na pini ni safi. Nyeupe. Haikuonja maji. Mguu wake mmoja umekunjwa, mwingine umesimama, umeachwa hivyo hivyo, na mimi nakunja yote miwili, Tundup alinifundisha yote miwili, mmoja mbele mmoja nyuma, katika nyumba hii anayekunja mmoja na kuacha mmoja ni mtu mmoja tu, kwa sababu kidole cha kuusukuma ule wa pili kilibaki kwenye barafu. Basi. Basi ndivyo. Siku walipoileta pikipiki kwenye lori imefungwa turubai, sote tulikuwa juu tunalia, yeye akashuka zizini, akafunga mlango kwa ndani, Abi-le akapiga kelele, mwanao yuko huku juu unafanya nini na mbuzi, akajibu nawapa majani, na alikaa huko mpaka jua likavuka kilima, akapanda na magoti ya tope, akanawa, akaketi karibu na mwanawe, na ufunguo wa zizi ukakaa shingoni mwake mpaka baridi ilipoingia, nikadhani ni majonzi, mzee hataki watu waguse... aliona. Aliona kijiti kimetoka, ufito unaning'inia, akajua ni kazi ya nani, Tundup alimwambia kila mtu ni kazi ya nani, na mwanawe hata hajapoa, akatafuta kopo la pini, akachagua, akatia, kwa vidole vinne, na tangu siku hiyo ananiita Mama Chorol kwa sauti ile ile, ananiachia kipande chenye nyama kwenye supu, na miezi miwili hii kanikalisha nyuma yake, na leo kamwita mkewe aje aguse. Nilikuwa nimepanga. Kama haipo, Mei njia ikifunguka namchukua Chorol nakwenda kwa mama yangu Zanskar, sirudi, na kama ipo, naitupa hii ya kifuani kwenye kijito na ninalala. Sikupanga hili la tatu, kwamba haipo na ipo, kwamba ni mimi, sasa najua ni mimi, nililolikimbia mchana na usiku limekaa hapa mbele yangu wala halikunimeza, kwa sababu lilikwisha kaa na mtu mwingine kabla yangu, mtu huyu, mgongo huu uliopinda ndani ya joho la rangi ya zabibu lenye kiraka nilichokishona mimi, amelibeba Julai yote, mavuno yote, bila kuugua, bila kuniuliza hata siku moja umekunja miguu? Angeniuliza ningesema nimekunja. Alijua ningesema hivyo. "Koleo, binti yangu," anasema, si Mama Chorol, binti yangu, nusu sauti, jikoni gurudumu la sala limeanza tena, kri, kri, na Chorol kwenye kona anaiambia betri kimya, na mimi natia mkono kifuani, nafungua fundo la kitambaa kwa kucha, haitaki kufunguka, inafunguka, na kwenye kile kiganja kilichosubiri muda wote huu naweka pini. Haioni, anaisikia. Mgongo unatulia. Vidole vinne vinafumba, polepole, kama vinavyofumba juu ya punje za mbegu asije akamwaga hata moja. "Hii siyo koleo," anasema. "Siyo koleo, Meme-le." "Siku hizi hata koleo halijui," Abi-le anadakia kutoka ng'ambo ya moto, na sauti yake ina kicheko, cha kwanza, "na ndiye huyo fundi wa mume wake," na mkono wa Meme-le unaingia ndani ya joho lake mwenyewe, juu ya mshipi, unakaa humo kidogo, unatoka mtupu, na unanyooshwa tena nyuma kuja kwangu, kiganja juu, jua bado liko kwenye sahani ya bati, halijasogea hata nati moja, nami naangalia chini na koleo limo mkononi mwangu, limekuwamo muda wote, limeshapata joto.