Sahihi Yangu Ilipoingia Motoni

Usiku wa jana niliota Kitabu cha Kanuni kinatuita majina. Kilikuwa kimevaa buti zilizong'arishwa, kimesimama katikati ya uwanja wa kituo chetu cha zimamoto, kurasa zake zimebanwa kwa mkanda wa kombati. Jua lilikuwa la saa nne. Hakuna aliyeshangaa, nami sikutaka kuwa wa kwanza.

"Koplo Luvanda!"

"Afande!" akajibu Luvanda, aliyesimama kulia kwangu. Luvanda tuliingia naye mafunzoni siku moja. Mwaka wa tisa sasa tunaingia kwenye moshi pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, mkono wangu begani kwake.

"Koplo Chengula!"

Nikavuta pumzi nijibu. Kabla sijafungua mdomo, mtu wa kushoto kwangu akasema "Afande!" kwa sauti nzuri kuliko yangu.

Nikageuka. Ilikuwa sahihi yangu. Ya wino wa buluu, imelala upande kama ninavyoiandika siku zote, na ule mkia mrefu wa mwisho imeukunja nyuma kama askari aliye mguu pande. Ilikuwa imevaa helmeti yangu, na mgongoni imebeba mtungi wangu wa hewa, namba mbili.

"Afande," nikasema, "Chengula ni mimi."

Kitabu kikajifunua, kikalamba kona ya ukurasa. "Kanuni ya kumi na nne. Aliyeweka sahihi ndiye aliyekagua. Jana jioni, ni nani aliyeisaini mitungi yote kumi?"

Nikainyooshea sahihi kidole.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Nikazitazama buti zake. Ninyi nitawaambia, maana hamna cheo cha kunivua. Kila jioni kabla ya kukabidhi zamu, mkaguzi hufungua koki ya kila mtungi, husoma geji kuona hewa iliyomo, huandika, ndipo husaini. Jana mkaguzi nilikuwa mimi. Nilifungua mitatu. Halafu wenzangu wakaniita kwenye drafti, "Chengula, njoo ufungwe!" nami nilikuwa nimeacha pale kingi mbili. Ile mitungi saba iliyobaki niliisaini kwa mkupuo, mkono kitabuni na macho kwenye kete. Nilishinda, kama mnataka kujua.

Lakini mtungi namba saba ulitumika Jumatano kwenye mazoezi. Kama ulijazwa tena au haukujazwa, sikujua. Na namba saba ndio anaoupenda Luvanda, kwa sababu mkanda wake haumkati bega. Nilimtazama pale kwenye mstari. Alikuwa nao mgongoni.

"Kama hukukagua wala hukusaini," kikasema Kitabu, "basi wewe ni raia. Raia hukaa nyuma ya utepe."

Kengele ikakohoa. "Samahani kwa usumbufu," ikasema. "Ghala la magodoro linaungua. Mlinzi yumo ndani."

Kanuni ya tatu inasema gari la zimamoto litapishwa njia na kila kitu. Linapita, na kila kitu kinapisha. Maduka yanapisha. Posta inapisha, na foleni yake ya watu. Mlima ulio nyuma ya mji ulipisha kwa kinyongo, ukasema hii ni mara ya mwisho. Mimi nilikuwa nakimbia nyuma ya gari nikiwa na kandambili, kwa kuwa raia hapandi gari la kikosi.

Magodoro, mtu asikudanganye, ndiyo moto tunaouogopa. Moshi wake ni mweusi na mzito, na humaliza mtu kabla mwali haujamfikia. Pumzi tatu bila barakoa, basi. Ule moshi ulikuwa unatoka mlangoni mwa ghala.

Utepe ulikuwa tayari umejifunga kutoka mti hadi mti. "Nyuma, mzee," ukaniambia. "Nyuma zaidi. Hapo."

Mlangoni palikuwa na ubao, na juu ya ubao saa. Kanuni inasema kila anayeingia kwenye moshi ataacha kibao chenye jina lake, ili ijulikane nani yumo na hewa yake ni ya dakika ngapi. Luvanda akatundika chake. Sahihi yangu ikatundika changu.

"Mtungi namba saba umejaa?" saa ikauliza.

"Umejaa," ikajibu sahihi yangu. "Nimekagua."

"Sikukagua!" nikapiga kelele. "Luvanda! Usiingie! Sikukagua!"

"Raia wote husema hivyo," utepe ukasema. "Wakiona moto wanataka kuwa wataalamu."

Luvanda alivuta barakoa usoni, akapiga magoti, akaingia. Hakugeuka nyuma. Kwa nini ageuke, miaka tisa nyuma yake kuna mtu? Sahihi yangu ikamfuata, imemwekea mkia begani. Saa ikaandika: dakika thelathini.

Pembeni yangu alikuwa amesimama mwanamume mwenye rungu na koti zito, anakunywa uji kwenye kikombe cha bati.

"Wewe ni nani?" nikamuuliza.

"Mlinzi wa ghala."

"Si ndiye wewe anayetafutwa ndani?"

"Ndiye," akasema, akapuliza uji. "Nasubiri wanifikie."

Nilitaka kulia, na sioni haya kulisema. Nikaushika utepe kwa mikono miwili nikavuta. Ukavutika kama unga uliokandwa vizuri, haukukatika. Ndipo Kitabu kikaja polepole, mikono nyuma, kama mkuu wa kituo anapokagua vyoo.

"Nirudishie uaskari wangu, afande," nikasema. "Niingie nikamtoe."

"Lazima kwanza sahihi ifutwe. Kanuni ya ishirini. Anayetaka kufuta sahihi yake atasema kweli mbele ya kikosi, kwa sauti ya gwaride."

Kikosi kizima kilikuwa kinanitazama. Mpira wa maji nao ulikuwa umeinua kichwa.

Nikakohoa kidogo. "Afande, jana tulikuwa na kazi nyingi."

Saa ikaruka. Ilikuwa kwenye ishirini na nane, ikawa kumi na tisa.

"Mbona imeruka?"

"Kisingizio nacho kinakula hewa," kikasema Kitabu. "Endelea."

"Hata ile mashine ya kujazia ni mbovu, inajulikana."

Kumi na moja.

Redio ya kiunoni kwa Kitabu ikakwaruza. Ilikuwa sauti ya Luvanda, fupi fupi, ya mtu anayetambaa. "Chengula, upo?"

"Nipo," ikajibu sahihi yangu.

"Mkono wako mbona hauna uzito leo?"

"Nipo," ikarudia. Haijui neno lingine. Kazi yake ni hiyo tu, kusema nipo.

Nikasema haraka, "Afande, kila mtu kituoni anasaini hivyohivyo!"

Saa ikaanguka hadi nne, na kikosi chote kikatazama chini.

Nilizitazama V zangu mbili za ukoplo kwenye mkono wa shati. Zilinichukua miaka sita kuzipata. Mke wangu alizishona mwenyewe, hakutaka fundi azishike. Na hapo ndipo nilipojijua, na sikufurahi: mwenzangu ana dakika nne, na mimi napiga hesabu ya V.

"Sikukagua!" nikasema, kwa sauti ya gwaride. "Nilifungua mitatu tu. Namba saba sikuigusa. Nilikuwa nacheza drafti!"

Zile V zikabanduka kwenye shati, zikaruka kama panzi wawili, zikaenda zao. Utepe ukajilegeza, ukashuka hadi chini.

"Pita, afande," ukasema.

Natambaa. Moshi mweusi, sioni hata kiganja changu. Nimeshika mpira wa maji kwa mkono wa kushoto, kwa maana kanuni inasema ukipotea ufuate mpira, utakufikisha kwa wenzako au utakutoa nje.

"Usinikanyage," mpira unasema. "Kulia. Kulia tena. Vua viatu."

"Nivue viatu kwa nini?"

"Umefika nyumbani kwa watu."

Kweli, niko sebuleni kwa Luvanda. Mkewe anatandika vitambaa vyeupe kwenye makochi, na moshi umejaa hadi magotini mwake.

"Karibu, shemeji," ananiambia. "Mbona peke yako? Umemwacha wapi mwenzio?"

"Yupo, shemeji. Naenda kumchukua."

"Jana alisema wewe ukiwa nyuma yake, haangalii geji." Ananyoosha kitambaa. "Nikamwambia, ndugu kama huyo ni wa kumshukuru Mungu."

Nikapita chini ya meza yake, na chini ya meza palikuwa ghalani.

Luvanda alikuwa amelala ubavu juu ya godoro jipya lenye nailoni yake. Barakoa usoni, macho wazi, kifua kinavuta na hakipati kitu. Karibu naye sahihi yangu ilikuwa imekaa wima, mkia wake unaungua kwa mwali mdogo wa buluu, na inasema, "Nipo. Nipo. Nipo."

Nikaigeuza geji ya namba saba nikaisoma. Sindano imelala kwenye sifuri.

"Nipo hapa tangu Jumatano," geji ikasema, bila hasira. "Sindano yangu mtu huiona hata akiwa na chongo. Ila hakuna aliyenitazama."

Sasa, sahihi haipumui. Kwa hiyo mtungi namba mbili iliokuwa imeubeba ulikuwa umejaa vilevile, na huo ulikuwa mmoja wa ile mitatu niliyoifungua kweli. Niliivua sahihi yangu mtungi kama unavyomvua mtoto begi la shule. Haikupinga. Nikaitoa barakoa ya Luvanda, nikambana usoni ile ya mtungi namba mbili, nikafungua koki. Hewa ikapiga mluzi. Kifua chake kikapanda, kikashuka, kikapanda.

Macho yake yakanipata. Akaweka mkono juu ya mkono wangu uliokuwa begani kwake, akaupima.

Mimi nilikuwa sina kitu usoni. Pumzi ya kwanza niliizuia. Ya pili nikaizuia. Ya tatu ikaingia yenyewe.

Nikaamka nakohoa. Mke wangu alikuwa amekwisha kuwasha jiko, akauliza kama nimeshikwa na mafua. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri na zamu yetu inaanza saa kumi na mbili. Sikunywa chai. Nilikimbia njia nzima, na mlima ulikuwa mahali pake.

Nilipofika uwanjani walikuwa wamekwisha kujipanga mstari. Luvanda alikuwa wa pili, namba saba mgongoni, anapiga miayo. Mkuu wa kituo, Afande Mhema, alikuwa ameshika daftari la ukaguzi, amelisogeza karibu na macho.

"Koplo Chengula, hiki ni nini?"

Nikasogea kutazama. Sahihi zangu kumi zilikuwa zimejipanga kwenye ukurasa, za buluu, zimelala upande mmoja. Tisa zilikuwa na mikia. Ile ya mstari wa saba mkia haukuwepo. Mahali pake karatasi ilikuwa na alama ndogo ya kahawia, ukingo wake umekauka na kujikunja, kama panapoguswa na njiti ya kiberiti. Nikaweka kidole. Palikuwa na joto.

Nilizitazama V zangu mara moja, nikaacha kuzitazama.

"Afande, mitungi saba jana sikuikagua," nikasema, na wote walisikia. "Nilifungua mitatu tu. Namba saba sikuigusa. Nilikwenda kucheza drafti."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akakatiza. Luvanda alishusha mtungi, akauweka chini, akafungua koki na kuinamisha sikio. Tukasubiri mluzi. Hakukuwa na mluzi. Akaisoma geji kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma sifuri.

"Chengula," akasema Afande Mhema, "saa mbili ofisini kwangu. Na uje na maelezo ya maandishi."

"Ndiyo, afande."

Mstari ulipovunjwa Luvanda hakuondoka. Alikuwa bado ameushika mtungi kwa mkanda wake, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekwisha kusamehe. Alinitazama bega, kisha mkono, kisha usoni.

"Twende tukaujaze," akasema. "Na leo tukiitwa, nyuma yangu uje mwenyewe."