Kifua cha Wifi

Kitu cha kwanza alichokiona Msusi kwa mwanawe kilikuwa sikio. Lilikuwa laini kama kitambaa kilicholowa. Likijikunja, lilibaki limekunjika mpaka mtu alinyooshe. Hakuthubutu kuligusa. Alimwita wifi yake.

Tangu watoke hospitali mambo yalikuwa hivyohivyo. Muuguzi alisema mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo akae kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto la mama. Huyu alipata la shangazi. Msusi, ambaye wanawake walimfuata kwa mikono yake myepesi, alikamua maziwa kwenye kikombe, akafua nepi, akapiga deki sakafu iliyokwisha kung'aa. Kila alipoambiwa ampokee mtoto, mikono ilikuwa na povu.

"Mama mtu, huyu umemzaa au umemwagiza?" wifi alimtania. "Mimi kiwanda nilishafunga, naona mnanifungulia kwa nguvu."

"Kwako ametulia, wifi."

"Ametulia kwa sababu hana pengine pa kwenda."

Asubuhi moja wifi aliamka anakohoa, macho mekundu, mwili unawaka. Alimfungua mtoto kifuani huku amegeuza uso pembeni.

"Mchukue. Nikimwambukiza tutalia wote."

Msusi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati. "Tumngoje baba yake."

"Baba yake yuko kazini mpaka jioni. Mtoto anapoa, mama."

Kweli, nyayo zake zilikuwa zimeanza kupoa. Msusi alifungua vifungo vya blauzi. Wifi akamlaza mtoto katikati ya matiti, akamfunga kwa kitambaa, kisha akaenda kukaa mbali, karibu na mlango. Mtoto alikuwa mwepesi mno, kama vile Msusi hajawekewa kitu kifuani. Msusi alikaa wima, akibana pumzi ili asikie ya mwanawe.

"Pumua na wewe," wifi alisema. "Unaogopa nini hasa?"

Wote walijua mtoto wa kwanza wa Msusi alifariki. Walimpa pole, wakasema ni kazi ya Mungu, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

"Yule wa kwanza," Msusi alisema, "aliponyamaza nilijua amelala. Nikaendelea kumbembeleza. Nilimwimbia, wifi. Alikuwa ameshaondoka, na mimi bado namwimbia."