Siku Mkoa Ulipopiga Hatua

Usiku wa kuamkia leo niliota mkoa wetu umeinuka, umejikung'uta vumbi na kuanza kutembea.

Mkuu wa idara yetu, Bwana Mwakifuna, alikuwa ametangaza redioni kwamba mkoa umepiga hatua kubwa. Mkoa ulisikia, ukatii.

Kazi yangu ni kupima tumefika wapi katika maji, misitu na shule. Basi nakimbia ubavuni mwa mkoa na futi ya fundi cherehani, napima hatua. Kila nikiinama, unyayo umeshahama.

"Simama nikupime," naomba.

"Siwezi," mkoa unajibu bila hasira. "Nimeambiwa nisirudi nyuma."

Ghafla nipo ofisini, ila ofisi haina kuta, na kiti changu ni kisiki.

"Mwaka jana mlinihesabu kama mti," kisiki kinasema.

"Na mwaka huu?"

"Bado nipo. Sina jani tu."

Nilitaka kukijibu, lakini mto ukapita ukichechemea, viatu mkononi, ukiuliza mkoa umeelekea wapi. Nikageuka kuuonyesha, na hapo nikamwona Shangazi Tupokigwe, ambaye kijijini huteka maji mtoni, mwendo wa saa nzima. Amekaa nyuma kabisa, mahali palipobaki patupu mkoa ulipoondoka, ndoo iko kando yake.

"Shangazi, njoo upande! Mkoa unaondoka!"

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Mbele."

"Huko mbele kuna maji?"

"Kwenye ripoti yapo."

Akaninyooshea ndoo. "Basi nichotee humo."

Nikaichovya ndoo kwenye ripoti. Ikatoka kavu.

Bwana Mwakifuna akafika na vibarua. "Tuliahidi kwamba hakuna atakayeachwa nyuma," akasema kwa upole. "Kwa hiyo tunaiondoa nyuma yenyewe."

Vibarua wakaanza kuikunja ardhi kama mkeka, shangazi akiwa juu yake. Miguu yake haikuonekana tena. Alikuwa ananitazama tu.

Nikakimbia kuliko nilivyowahi kukimbia, nikaizungusha futi kwenye kifundo cha mguu wa mkoa, nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Viganja vikachubuka.

"Hii si hatua!" nikapiga kelele. "Mguu mmoja bado uko kule!"

Mkoa ukasimama. Ukageuza shingo, ukamtazama shangazi.

"Yule naye ni mimi?"

"Yule naye ni wewe."

"Hawakuniambia," ukasema. Ukarudi, ukamkunjua taratibu, kisha ukaketi chini kwa kishindo kando yake, ukaupakata mto.

Nikazinduka. Kulikuwa kumeshapambazuka. Nikampigia shangazi simu kijijini.

"Shikamoo, shangazi. Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Mzima, ila nimechanganyikiwa kidogo. Nimebandika uji, nikaenda mtoni kuteka maji kama kawaida. Nimerudi sasa hivi."

"Uji umeungua?"

"Hapo ndipo ninaposhangaa," akasema shangazi. "Bado haujachemka."