Wimbo wa Kumtoa Bibi Harusi

Mpiga ngoma wa bendi yao ndiye aliyembandika jina la Nyuzi, kwa sababu gitaa halikumtoka mkononi hata wakati wa kula. Kwa miaka walipiga mikahawani nyimbo za watu wengine, wateja wakitafuna na kupiga soga bila hata mmoja kugeuza shingo. Kisha upepo wa mjini ukageuka. Watu wakataka vitu vya asili, na bendi zilizowahi zikaanza kuitwa kwenye majukwaa makubwa. Kiongozi wao, mtu wa maneno machache na kofia isiyovuliwa, akawakusanya kwenye chumba cha mazoezi nyuma ya duka la rangi, penye magodoro yaliyopigiliwa ukutani kuzuia sauti. Akamtaka kila mmoja aende kwao na asirudi mikono mitupu.

Nyuzi hakuwa amekanyaga kwao tangu wamzike baba yake. Alimkuta shangazi yake akipukuchua maharage mlangoni. Shangazi hakumsimanga. Alimsogezea ungo, akamwambia mikono haizuii masikio, na mpaka siku anaondoka akawa anamfundisha wimbo wa kumtoa bibi harusi, ambao hakuna aliyeuimba kama yeye. Ulikuwa wimbo wa taratibu, wenye vituo virefu vya kuvuta pumzi, ambavyo wanawake walivijaza kwa kuvumisha sauti midomo ikiwa imefumbwa. Mwimbaji alimtaja binti kwa jina, akamsifu, akamtania kwa uvivu wake, kisha akawageukia wakwe. Ubeti ulioimbwa kwa sauti ya chini kuliko yote ulisema: ukipigwa, rudi, kitanda chako hatujampa mtu.

“Huo usiuruke,” shangazi alimwambia. “Mengine yote ni mapambo.”

Nyuzi aliahidi, na kwa wakati ule alimaanisha.

Mjini, mpiga ngoma alishindwa kwenda na vile vituo, kiongozi akasema viondolewe. Kuhusu ule ubeti, aliuliza ni nani atakayecheza kwenye harusi yake huku akitajiwa ngumi. Nyuzi alibisha. Kesho yake akabisha kwa sauti ndogo zaidi, na baada ya hapo akajikuta anahangaika na mdundo kama wenzake. Kilichobaki ni kiitikio tu, nenda binti nenda salama, kimekazwa mwendo mpaka miguu inakosa utulivu. Wimbo ukashika moto. Ukapigwa redioni, saluni, kwenye simu za wapita njia. Waandishi wakamwita Nyuzi mwokozi wa muziki wa mababu, naye polepole akazoea kuitwa hivyo.

Mdogo wake wa kike alipoolewa, Nyuzi alirudi nyumbani amevaa suti. Wakati wa kumtoa bibi harusi ndani ulipofika, shangazi alisimama mlangoni akaanza, taratibu. Akafika kituo cha kwanza, akanyamaza. Wanawake wachache wa rika lake wakavumisha. Wasichana wakatazamana. Mmoja, akidhani bibi wa watu amesahau maneno, akaanza kupiga makofi ya haraka ili amwokoe. Wenzake wakadaka, na ua mzima ukalipuka: nenda binti nenda salama. Shangazi akapandisha sauti, ikamezwa. Bibi harusi akamshika bega kwa upendo.

“Shangazi, unaukosea. Hauendi hivyo. Muulize kaka.”

Makofi yakalegea, watu wakamgeukia Nyuzi. Uso wa shangazi haukuwa na hasira, ulikuwa unamngoja. Lilikuwa jambo la sentensi moja. Lakini simu zilikuwa zimeinuliwa zinamrekodi, na wakwe walikuwa wanatabasamu.

“Wa shangazi ni wa zamani,” alisema, akicheka kidogo. “Siku hizi unaimbwa hivi.”

Shangazi akapisha njia. Bibi harusi akatoka akicheza, na ule ubeti hakuusikia.

Baadaye kiongozi akataka albamu ya pili, safari hii yenye sauti za wazee wenyewe. Nyuzi akaenda na kinasa sauti. Njia nzima alipanga maneno ya kuomba radhi, lakini shangazi alimpokea vizuri mno, akamuuliza habari za bendi na afya za wenzake, hata maneno yale yakakosa pa kuingilia. Alipomwomba wimbo, hakukataa. Alikaa wima, akasafisha koo, akaimba nenda binti nenda salama, haraka, bila kituo hata kimoja, na pale gitaa linapoingia akaliiga kwa mdomo.

“Si huo, shangazi. Nataka ule wako.”

“Wangu upi, baba? Mimi nilikuwa naukosea. Nimejifunza.”

Alimtazama kuona kama kuna mzaha. Haukuwapo. Akamsihi, akamwambia kosa ni lake, shangazi akamjibu kwamba hakuna kosa lolote. Mwishowe Nyuzi akajaribu kuuimba mwenyewe, akitumaini atamchokoza. Maneno ya kitanda yalimjia. Mahadhi yake ndiyo hayakuja, kila alipoyatafuta alijikuta kwenye mdundo wa jukwaani. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mgeni akihangaika na lugha ya wenyeji. Kisha akaenda kuteka maji.

Kiongozi alipousikia ule mkanda alifurahi kupita kiasi. Sauti ya kibibi, alisema, safi kabisa, na watu wataona kwamba bendi haikubuni kitu. Akauweka mwanzoni mwa albamu, na maelezo kwamba hivi ndivyo wazee walivyouimba tangu enzi. Nyuzi alikuwa studioni wakati wimbo unachanganywa sauti. Kiongozi akamuuliza kama uko sawa.

Akasema uko sawa.