Mistari Minne ya Anguzu

Siku zote Anguzu alisema kiraka chake cha programu kiko kichwani, na kichwa chake hakijawahi kupotea. Wenye majivuno husema hivyo mpaka siku yao ifike.

Alikuwa mtengeneza programu katika ofisi ndogo ya Mvara, mjini Arua, na programu yao ilitunza kadi za wagonjwa wa zahanati za Koboko. Ndani yake kulikuwa na kifurushi cha kuazima, kipande cha programu kilichoandikwa na watu wa mbali na kugawiwa bure mtandaoni. Kazi ya kifurushi hicho ilikuwa kuunganisha kadi zilizojirudia. Kikikuta jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa, kilihesabu ni mtu mmoja. Huko kwao labda ni sawa. Koboko, asiyejua siku aliyozaliwa huandikiwa tarehe mosi Januari, na akina Poni wamejaa kila ukoo.

Miaka mitatu nyuma Anguzu aliwaandikia wenye kifurushi, wakakaa kimya. Basi akakifungua mwenyewe kwenye mashine ya ofisi, akaongeza mistari minne ili kilinganishe na jina la mama pia; hicho ndicho kiraka chake. Sandra, mkuu wao, alimsihi auhifadhi ule ukarabati kama faili pamoja na programu, ili kifurushi kikiletwa upya nao urudi. Alijibu, "Kesho." Ukweli ni kwamba alipenda kuitwa kila kitu kilipoharibika.

Jumatatu mashine ikafa. Mwenzake Andrew akaweka nyingine na kupakua kila kitu upya, kama ilivyompasa, maana hakuna aliyemwambia lolote. Jumanne asubuhi, saa nne kasorobo, Anguzu alifungua orodha ya wagonjwa wa zahanati ya Ludara, Koboko, akaona mtu mmoja tu aitwaye Night Poni. Walikuwa wawili. Mmoja wao penisilini ilikaribia kumuua mwaka jana, na onyo lililokuwa kwenye kadi yake lilikuwa limefutika. Chini yake muuguzi Paska alikuwa ameandika asubuhi ile: jeraha la mguu, sindano ya penisilini, saa sita.

Simu ya Paska haikupatikana; mtandao wa Ludara ulikuwa umekatika. Alitoka bila kuaga, akapanda pikipiki ya Swadiki, mwendesha boda, na njia nzima hadi Koboko alimhimiza aongeze mwendo, akijilaani kimoyomoyo.

Walifika Ludara saa sita kasorobo. Paska alikuwa ameona jeraha linanuka, akaona si vyema kungoja saa sita, akadunga sindano mapema. Night Poni alikuwa amelala kwenye benchi la baraza, uso umevimba, macho yamebaki nyufa. Dawa ya kumrudishia pumzi ilikuwa imepatikana, ya mwisho kabatini.

"Yeye aliniambia dawa hii inamukataa," Paska alisema. "Mimi nikaangalia kompyuta. Nikamwambia kompyuta inajua."

Anguzu alikiri kosa ni lake. Alieleza habari ya Poni wawili, ya mashine mpya, na ya kesho yake ya miaka mitatu. Aibu ilimshika hata akashindwa kumtazama mgonjwa.

Night Poni alimsikiliza mpaka mwisho. "Wewe ndiyo unaandika kompyuta?" aliuliza kwa sauti iliyokauka. "Basi andika mimi sasa. Mimi peke yangu. Nataka kusikia."

Mtandao ulikuwa umerudi. Anguzu akampigia Andrew, akaongeza sauti ya simu ili mgonjwa asikie, akamweleza afungue faili gani, akaanza kumsomea ile mistari minne kutoka kichwani. Mstari wa kwanza ukaja. Wa pili ukaja. Wa tatu aliurudia mara mbili, akaurekebisha.

"Nimeandika," Andrew alisema. "Ya nne?"

Anguzu alifumba macho akautafuta, asiupate. Benchi likalia, Night Poni akigeuka amwone vizuri.

"Ya nne iko wapi?" akamuuliza.